Unga Mweupe Ndani ya Koili

Siku hizi nikifungua oveni, macho yananipeleka moja kwa moja kwenye koili ya chini. Zamani nilikuwa naiona ni chuma kilichopindwa, kinachopata moto basi. Mawazo yamebadilika tangu koili yangu ilipokufa na nikaamua kuikata kwa msumeno kabla ya kuitupa.

Mahali ilipofia palionekana kwa macho: lengelenge dogo juu ya bomba, limepasuka katikati, na pembezoni mwake chembe za unga mweupe. Nilipokata pembeni kidogo, unga ukatokea tena, umeshindiliwa ukawa mgumu mpaka nikaukwangua kwa ncha ya bisibisi. Katikati ya unga huo ndipo ulipokuwa waya wenyewe, mwembamba, umesokotwa kama springi. Kwa hiyo lile bomba tunaloliona likiwa jekundu halipitishi umeme hata kidogo. Ni ganda tu. Umeme unapita ndani, kwenye waya ambao hauligusi bomba popote.

Waya wa namna hii kwa kawaida ni wa nikromu, mchanganyiko wa nikeli kiasi cha asilimia 80 na kromiamu asilimia 20. Mmarekani Albert Marsh ndiye aliyepata hataza ya aloi hizo mwaka 1906. Ukinzani wa nikromu, yaani jinsi inavyoupinga umeme usipite kirahisi, unazidi ule wa shaba zaidi ya mara 60, na ukinzani ndio unaougeuza mkondo kuwa joto. Ila vyuma vyenye ukinzani ni vingi. Kinachoitofautisha nikromu ni kwamba ikipata moto, kromiamu yake hushikana na oksijeni na kufanya utando mwembamba juu ya waya, na utando huo huzuia hewa isiendelee kuula. Chuma cha kawaida kingeliwa na kutu ya moto kikakatika mapema.

Hata hivyo, mimi nauhusudu ule unga kuliko waya. Ni oksidi ya magnesiamu, na kazi yake inashangaza: iache joto lipite, izuie umeme usipite. Vitu vingi vinavyopitisha joto vizuri, kama metali, hupitisha na umeme. Vingi vinavyozuia umeme, kama mpira na plastiki, huzuia na joto, tena huyeyuka. Unga huu unavumilia mpaka kiasi cha nyuzi 2,800 za Selsiasi. Kiwandani hujazwa ndani ya bomba, kisha bomba hubanwa likapungua unene ili chembe zishikane, maana hewa ikibaki katikati joto hukwama kwenye waya, na waya huungua.

Hesabu yake nayo haina ugumu. Koili ya wati 2,400 kwenye umeme wa volti 240 inavuta ampea 10, kwa hiyo ukinzani wake ni omu 24. Ukizima umeme kwenye swichi kuu, ukachomoa nyaya zake na kupima ncha hadi ncha kwa multimita, koili nzima itakupa namba iliyo karibu na hiyo. Iliyokatika haisomi kitu.

Jambo jingine ni kwamba katika oveni nyingi koili haijui moto mdogo. Ukiweka nyuzi 180, inawaka kwa nguvu zake zote, thamostati inaikata, oveni inapoa kidogo, inaiwasha tena. Ndiyo maana wekundu unakuja na kuondoka. Wekundu wenyewe huanza kuonekana gizani kwenye nyuzi kama 525. Chini ya hapo koili inaweza kuwa ya moto wa kuunguza na macho yasione lolote, na hilo naona kila mtu mwenye watoto nyumbani angepaswa kuambiwa.

Udhaifu wa unga huu ni maji. Hufyonza unyevu wa hewani kupitia kwenye ncha za koili, hasa oveni ikikaa muda mrefu bila kuwashwa, na ukilowa huanza kuvujisha umeme kidogo kwenda kwenye bomba. Oveni nzima kabisa inaangusha swichi ya usalama, na mwenyewe anaambiwa koili imeharibika. Mara nyingine imelowa tu. Fundi makini hupima kwanza uvujaji kati ya ncha na bomba, akaikausha koili taratibu, akapima tena, ndipo anapozungumzia kununua nyingine.