Kumbukumbu ya mradi: kuchezea AVCS kwenye Forester SG5, Arusha

Wakuu habari za saa hizi. Kwa wanaoifahamu hii Subaru Forester, mashine ni ile ile EJ205, turbo ile ile TD04 ya kiwandani na busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) sijaongeza hata kidogo. Kazi ya safari hii ni kemu tu (shafti inayofungua valvu za injini, na AVCS ndo mfumo wa Subaru wa kuisogeza iwahi au ichelewe), maana watu wengi hapa mjini wakinunua Subaru ya turbo kitu cha kwanza wanachowaza ni busti afu bomba la eksozi, kemu hamna anayeigusa na gari inabaki nzito huku chini kama imebeba mifuko ya simenti.

SG5 za Japani za turbo zina AVCS upande wa inteki (wa kuingiza hewa) peke yake, kemu za eksozi (za kutoa moshi) hazisogei. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) inasoma mizunguko na mzigo wa injini, inaangalia jedwali lake, afu inaiambia valvu ya oili (ile OCV, zipo mbili, hedi ya kushoto na ya kulia kila moja na yake) ipitishe oili kwenye gia ya kemu. Presha ya oili ndo inayoisogeza kemu mbele, kwa hiyo kama oili haifiki vizuri hata uandike namba gani kwenye laptopu ni kazi bure.

Na hapo ndo nilipoanzia. Nimechomeka kebo ya Tactrix inayounganisha laptopu na gari, nikafungua programu ya RomRaider nikawa narekodi kemu ya kushoto na ya kulia kila moja kivyake. Kushoto safi, ikiambiwa digrii 20 inafika mara moja. Kulia inajikokota, inaishia 12 au 13 afu ikifika huko saa hiyo mizunguko imeshapita. Nikahamisha OCV, ya kulia nikaweka kushoto na ya kushoto kulia, nikarekodi tena, uzembe ukabaki kulia kule kule. Kwa hiyo valvu ni nzima, shida ni njia ya oili.

Mzee wa gereji ya Unga Limited ninakofanyia kazi alikuwa ananicheki tu na laptopu yangu juu ya boneti. Akaniuliza, "Dogo, hizo bolti za paipu ya oili umezifungua?" Nikamwambia bado mzee. Akacheka, akachukua spana mwenyewe. Ile bolti yenye tundu inayoshika paipu ya oili kwenye hedi ya kulia ndani ina kichujio kidogo cha wavu, kadogo kama ncha ya kidole, na chetu kilikuwa cheusi tii, masizi ya oili yamegandana kama machicha ya kahawa chini ya birika. Ukikiweka mbele ya taa, mwanga unapita sehemu moja tu pembeni. Ogopeni sana hiki kitu kwa sababu paipu hiyo hiyo inalisha na turbo, yani mwenye gari analalamika gari haivuti kumbe turbo nayo iko njiani kufa kwa kiu. Tumesafisha, ringi mpya za kopa za kuzibia, oili mpya na filta, kemu ya kulia ikaanza kutembea sawa na mwenzake.

Sasa laptopu. Nadharia yenyewe iko hivi, kemu ya inteki ikiwahi, valvu ya inteki inafunguka wakati ya eksozi bado haijafunga. Kama presha ya inteki ni kubwa kuliko ya eksozi, hewa mpya inasukuma moshi wa zamani utoke na turbo inaamka mapema. Ila mizunguko ikipanda, kiturbo kidogo kama TD04 kinaziba njia, presha ya eksozi inaizidi ya inteki, moshi unarudi ndani, hapo lazima uirudishe kemu nyuma. Sailensa (namaanisha gari ikiwa inaunguruma imesimama) acha sifuri, vinginevyo inatetemeka.

Swali ni mpaka wapi, na jibu halipo kwa mtu, liko kwenye gari yako. Nilichofanya ni kujaza jedwali lote la mzigo mkubwa namba moja, digrii 10, nikapiga gia ya tatu kutoka chini mpaka juu, afu 20, afu 30, barabara moja, upande ule ule, asubuhi na mapema. Natumia kipande cha bypass cha kutokea Usa River kwenda Ngaramtoni kwa sababu kinapanda na injini inapata mzigo wa kweli (na ndio, tochi zipo, kwa hiyo gia ya tatu inatosha). Afu unalinganisha hewa inayosomwa na sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia kwenye injini) kwenye mizunguko ile ile na busti ile ile. Inayovuta hewa nyingi zaidi ndo mshindi wa sehemu hiyo. Kwangu kwenye mizunguko 3000 digrii 30 iliipita 10 waziwazi, kwenye 4200 hivi 20 ikawa bora, na kuanzia 5500 kila digrii niliyoongeza ilikuwa hasara.

Mwinuko nao una neno lake. Arusha tuko kama mita 1400, presha ya hewa ya nje ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani. Ukitaka bar 2 (ukihesabu pamoja na presha ya hewa ya nje) ndani ya manifoldi, pwani turbo inazidisha mara 2, huku inazidisha mara 2.3, kwa hiyo pumzi inakata mapema. Ramani (yale majedwali ya kontroli boksi) ya kuazima kwa mtu wa Dar inaishikilia kemu mbele kupita pale ambapo huku turbo imeshachoka.

Kitu cha kuwa makini nacho ni noki (mafuta kujilipukia yenyewe ndani ya silinda). Kemu ikiwahi, silinda inajaa zaidi, na ramani ya kiwandani ilipangwa kwa petroli ya Japani ya oktani karibu 100, yetu haifiki huko. Kati ya 2600 na 3200 kontroli boksi ilianza kurudisha nyuma taimingi ya cheche yenyewe, nikatoa digrii 2 za cheche hapo, IAM (namba inayoonyesha kontroli boksi inaiamini taimingi kiasi gani, 16 ndo ya juu) ikarudi 16 na ikatulia.

Gari sasa inaamka mapema, ile kupanda Sakina kwa gia ya tatu bila kushusha inawezekana. Kilichobaki ni safari ya Tanga. Kule chini hewa ni nzito, injini itaingia kwenye safu za mzigo ambazo huku haijawahi kuzigusa, kwa hiyo nimezijaza kwa tahadhari, kemu nimeipunguza na cheche nimerudisha nyuma kidogo. Laptopu nabeba, dogo mmoja atakaa siti ya mbele anirekodie logi kuanzia Korogwe kushuka.