Mkimpima akili, mpimeni na kiuno

Suruali za mdogo wangu ndizo zilizonianzisha kusoma tafiti za dawa za akili. Alipoanza olanzapini, moja ya dawa za kutuliza sauti na hofu za ugonjwa wa akili, sauti alizokuwa akizisikia zilipungua, akapata usingizi, akarudi kuniita dada badala ya kunitazama kama mtu aliyetumwa kumdhuru. Nilimshukuru Mungu, na bado namshukuru. Kisha vifungo vya suruali vikaanza kugoma. Akanunua nyingine, nayo ikambana kabla haijachuja rangi.

Ameniruhusu niandike haya kwa sharti moja, nisije nikamwita mlafi. Si mlafi, na sharti lake limebeba karibu yote ninayotaka kusema.

Kwenye kliniki aliyokuwa akihudhuria wakati ule, maswali yalikuwa yaleyale kila mara: bado unasikia sauti? Unalala? Unameza dawa kila siku? Ni maswali ya maana, siyadharau. Lakini mizani ilikuwa pale karibu na mlango, imelundikiwa mafaili, na sikuwahi kuona mgonjwa akiambiwa apande. Nilipotaja uzito tukaambiwa apunguze kula na afanye mazoezi. Mdogo wangu aliinamisha kichwa, na tulipotoka nje akaniambia nisilizungumzie tena mbele ya watu.

Apunguze kula! Anayesema hivyo hajawahi kukaa nyumba moja na njaa ya dawa hii. Saa nane za usiku namsikia jikoni, na jioni tulikula pamoja, akamaliza sahani yake na nyongeza juu. Siku moja nilimfuata nikakaa naye mezani, nikamwuliza njaa hiyo ikoje. Alifikiri kidogo, akasema, "Dada, tumbo naona limejaa. Ila kichwa kinasema sijala tangu jana."

Niliposoma maelezo ya kitaalamu nilikuta amelieleza vizuri mno. Ubongo hupeleka habari kwa kemikali kama dopamini, histamini na serotonini, na vipokezi ndiyo milango inayozipokea. Olanzapini haizuii vipokezi vya dopamini peke yake, ambavyo ndivyo vinavyolengwa ili kutuliza sauti na hofu. Inazuia pia vipokezi vya histamini vinavyoitwa H1, pamoja na vya serotonini vya aina ya 2C, na vyote hivyo vinahusika na namna ubongo unavyopata habari kwamba mtu ameshiba. Mwaka 2003 watafiti walilinganisha dawa nyingi za kundi hili wakaona kuwa kadiri dawa inavyoshikamana zaidi na H1, ndivyo inavyoelekea zaidi kunenepesha. Kwa hiyo mtu anashiba tumboni, ila taarifa haifiki inakotakiwa kufika.

Na tusidhani kunenepa huku ni kwa kilo moja au mbili. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa New York uliofuatilia watoto na vijana 272, wenye umri wa miaka 4 hadi 19, ambao kabla ya hapo hawakuwa wametumia dawa hizi zaidi ya wiki moja. Ndani ya wiki zisizozidi 12, waliopewa olanzapini waliongezeka wastani wa kilo 8.5. Kwa dawa nyingine za kundi hilo, wa kwetiapini kilo 6.1, wa risperidoni 5.3, wa aripiprazoli 4.4. Wale ambao hawakuzitumia waliongezeka gramu 200 tu. Niliirudia mistari ile, maana ilikuwa mara ya kwanza kuona kwa tarakimu kile nilichokuwa nikikiona kwenye suruali za mdogo wangu. Nikamwonyesha. Alinyamaza sana, kisha akauliza kama na wale watoto waliambiwa wapunguze kula.

Kuna utafiti mwingine mkubwa, wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2005 na kujulikana kwa jina la CATIE. Uliandikisha watu 1,493 wenye skizofrenia ya muda mrefu, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, ukalinganisha dawa mpya na perfenazini, ambayo ni ya zamani na ya bei ndogo. Ndani ya miezi 18, asilimia 74 ya washiriki waliacha dawa waliyopangiwa mwanzo. Waliopewa olanzapini ndio walioendelea nayo kwa muda mrefu kuliko wengine, hata hivyo asilimia 64 waliiacha. Na ndio hao hao walionenepa kuliko wote, takriban kilo moja kila mwezi. Kwa jicho la familia, naona hapo mtu anayejikuta kati ya akili yake na mwili wake, akitakiwa kuchagua kimoja. Si haki kumwachia uchaguzi huo peke yake, tena gizani.

Na gizani si lazima. Kinachoniuma ni kwamba njia ilishaandikwa zamani. Mwaka 2004 chama cha kisukari cha Marekani na kile cha madaktari wa akili cha huko huko, pamoja na wenzao, walikubaliana nini kipimwe: uzito, kiuno, presha, sukari ya damu kabla ya kula na mafuta ya kwenye damu, vyote kabla ya kuanza dawa. Uzito urudiwe wiki ya 4, ya 8 na ya 12, kisha kila miezi mitatu. Sukari na presha wiki ya 12, halafu kila mwaka. Mizani na utepe wa fundi cherehani vinafanya nusu ya kazi hiyo. Ninapokumbuka ile mizani iliyolundikiwa mafaili, nashindwa kusema kilichokosekana ni pesa. Nadhani kilichokosekana ni kumwona mgonjwa wa akili kuwa ana moyo, ini na figo sawa na mgonjwa mwingine yeyote.

Watu wenye magonjwa makali ya akili hufa mapema kuliko wenzao, kwa miaka 10 hadi 20. Wengi hudhani sababu kubwa ni kujiua. Kujiua kupo na kunatisha, lakini wengi wao huuawa na magonjwa ya mwili, moyo ukiwa mbele, magonjwa yale yale ambayo kwa mtu mwingine yangetafutwa mapema.

Sasa, wewe uliyesoma hadi hapa ukiwa umekasirikia dawa, tafadhali usiishie hapa. Nimeona ndugu wa wagonjwa wakisoma nusu ya habari, wakaficha vidonge, na baada ya muda mgonjwa akarudi wodini akiwa na hali mbaya kuliko mwanzo. Nusu ya pili inatoka Finland, nchi yenye kumbukumbu za afya za kila mwananchi. Mwaka 2020 watafiti walichapisha hesabu za watu 62,250 waliowahi kutibiwa hospitalini kwa skizofrenia, wakifuatiliwa hadi miaka 20. Katika vipindi ambavyo watu hawakutumia dawa hizi, vifo kwa kipindi chote hicho vilikadiriwa kuwa asilimia 46. Walipotumia dawa yoyote ya kundi hili, 26. Walipotumia klozapini, nayo ni ya kundi hili, takriban 16. Na klozapini inanenepesha kwa kiwango kile kile cha olanzapini!

Utafiti wa aina hii hauwezi kuthibitisha kila kitu. Huenda anayemeza dawa ndiye pia anayehudhuria kliniki, mwenye mtu wa kumkumbusha, mwenye mlo na kitanda. Ila tofauti ya 46 na 26 ni pana mno kuipuuza. Kwangu mimi inaeleweka: mtu asiyeandamwa na sauti anaweza kwenda kupimwa presha, na akiumwa kifua anaweza kusema kinauma. Dawa inayomnenepesha mdogo wangu ndiyo inayomwezesha kusimama kwenye mizani na kuniambia namba.

Basi tunapima. Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, anapanda mizani mwenyewe na kuandika mwenyewe. Mimi siangalii mpaka anipe daftari. Kiuno anapima usawa wa kitovu baada ya kutoa pumzi, maana tuligundua akivuta tumbo ndani namba zinadanganya. Tulibadilisha kliniki. Daktari wa sasa alilichukua lile daftari siku ya kwanza, akalisoma ukurasa kwa ukurasa huku mdogo wangu akimtazama usoni. Hakutaja mazoezi. Alisema, "Hii ni dawa, si wewe." Nilimwona mdogo wangu akinyanyua mabega yake kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu augue.

Baada ya vipimo vya figo, daktari huyo akaanza kumpa metformini, dawa ya kisukari ambayo imefanyiwa majaribio kwa watu wenye tatizo hili hili. Jaribio moja la China, lililochapishwa mwaka 2008, lilihusisha watu 128 wenye skizofrenia walionenepa kwa zaidi ya asilimia 10 ndani ya mwaka wao wa kwanza wa dawa. Kwa wiki 12, waliopewa metformini pamoja na mpango wa chakula na mazoezi walipungua kilo 4.7. Metformini peke yake, 3.2. Mpango wa chakula na mazoezi peke yake, 1.4. Waliopewa vidonge visivyo na dawa yoyote waliongezeka kilo 3.1. Tazameni hiyo 1.4. Ni faida, wala siikatai, na mdogo wangu anatembea kila jioni nami nikiwa pembeni. Lakini ndicho kitu pekee tulichokuwa tumeambiwa miaka yote ile, kwa sauti ya lawama, kana kwamba hakuna kingine.

Hajarudi alivyokuwa. Uzito umesimama, na kwetu kusimama ni habari njema. Njaa ya usiku imepungua nguvu, ingawa haijaondoka. Tumbo lilimsumbua wiki za mwanzo za metformini, mpaka akaanza kuimeza pamoja na chakula.

Tunangoja majibu ya sukari. Yakiwa yamepanda, daktari amesema tutazungumza juu ya kuhamia aripiprazoli. Nimeshasoma jaribio la Marekani la mwaka 2011 lililohusu watu 215 kuhusu kuhama huko: waliohama walipungua kilo 2.9 zaidi ya waliobaki na dawa zao, lakini asilimia 44 kati yao hawakuendelea na matibabu waliyopangiwa, wakati kwa waliobaki ilikuwa 25 hivi. Mdogo wangu anazijua namba zote mbili. Anasema anaogopa sauti kuliko anavyoogopa tumbo, na kwamba hilo atamwambia daktari yeye mwenyewe, mimi nisimsemee.