Maneno ya daktari yalikuwa marefu, yangu mafupi

Hii ilikuwa 2013, ule mwaka wa uchaguzi wa Machi, na mpaka leo nikipita soko la Gikomba, Nairobi, nikasikia cherehani inalia inanirudia yote.

Baba yangu alikuwa fundi wa kanzu Majengo, Pumwani. Cherehani yake moja ilikaa nje ya nyumba chini ya mabati, na kila Ramadhan ikikaribia watu wanakuja kupimwa mapema ili Idd isiwakute bila nguo. Mwaka huo kuanzia Januari chakula kikawa kinamkwama. Kwanza ni ugali, akawa anausukuma na maji, halafu wali nao ukakataa, ikifika Aprili ni uji tu na huo uji wenyewe ni kijiko kijiko huku ameshika kifua. Alikonda mpaka ile tepu ya kupimia anayovaa shingoni siku nzima ukiitazama unaona kama imemlemea.

Tukaenda hospitali moja, jina naliacha. Wakamshusha mpira wenye kamera kooni, wakakata kinyama kidogo kikapelekwa maabara, akafanyiwa skani, baada ya wiki tatu tukaitwa. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, alimwamkia baba vizuri, "Shikamoo mzee, habari za nyumbani?", Kiswahili safi kabisa. Halafu akafungua faili, na hapo hapo akageuza kiti akaniangalia mimi na lugha ikawa Kizungu. Ni kansa ya koo. Imeshafika kwa ini. Upasuaji hauwezekani, tunaongea miezi, na si mingi. Baba yuko hapo katikati yetu, mikono juu ya magoti, kofia imekaa sawa, anaangalia mdomo wa daktari, anarudi anaangalia uso wangu. Daktari akamaliza akaniambia haya, mweleze mzee.

Nikasema, "Baba, ni vidonda vya koo. Kuna dawa, lakini itachukua muda."

Sikuwa nimepanga kudanganya, wallahi. Nilifungua mdomo nikitaka kusema lile neno na lililotoka ni lingine. Daktari anasikia Kiswahili kama mimi, alisikia nilichosema, akainamisha kichwa akaendelea kuandika.

Tukiwa steji tunangoja matatu baba akaniambia, "Maneno ya daktari yalikuwa marefu, yako mafupi." Nikamjibu Kizungu ndivyo kilivyo baba, kinazunguka sana. Akanyamaza.

Nyumbani niliwaambia mama na ami yangu. Ami akanipongeza, akasema mzee akijua mawazo yatamuua kabla ya ugonjwa, na mama alifunika uso na leso na hakusema ndiyo wala hapana. Basi nyumba nzima ikaingia kwenye huo uongo, simu ya ndugu ikiita mtu anatoka nje kuongea, wageni wakija wanaonywa mlangoni kabla hawajavua viatu. Usiku namsikia anaguna upande wa pili wa ukuta, nikiuliza anasema ni vidonda tu, vinapona.

Kitu nisichokijua ni kwamba baba alilichukua neno langu akaenda nalo kazini. Kama ni vidonda na kuna dawa, basi Idd itamkuta mzima. Akaendelea kupima watu. Mei yote alikuwa anaandika kwenye daftari lake, urefu, mabega, mkono, kaba, na pembeni dipoziti, huyu 500, yule 1,000. Watu 14. Vitambaa vingine alishanunua, na pesa nyingine, hili alikuja kuniambia baadaye, ndizo zilizolipa ile skani.

Mwezi wa sita maumivu yalizidi hata kukaa akawa hawezi, anazunguka chumba. Jirani yetu mmoja aliyewahi kuuguza mume wake akatuambia tumpeleke Nairobi Hospice, pale kando ya hospitali ya Kenyatta. Ami akapinga, hospisi ni mahali watu wanapelekwa kufa. Wengi bado wanaamini hivyo na inaniuma, kwa sababu pale wamekuwepo tangu 1990 na kazi yao kubwa ni ya mtu kuja akatibiwa maumivu akarudi kwake kulala, na akishindwa kuja wao wanamfuata nyumbani. Tulienda kwa matatu mbili, baba amejiegemeza kwangu njia yote.

Sista aliyetupokea alikuwa mama wa makamo. Kulikuwa na meza na kiti chake nyuma ya meza, hakukikalia. Alivuta stuli akaja kukaa mbele ya baba, chini kidogo yake, magoti yanakaribia kugusana, na faili akaiweka chini kwa sakafu. Nikaanza kumpa historia yote kwa Kizungu kama nilivyozoea. Akanisikiliza kidogo halafu akasema taratibu, "Asante kijana wangu. Acha nimsikie mzee kwanza."

Akamgeukia baba. "Mzee wangu, hii shida ya koo umeambiwa ni nini?"

Baba akaniangalia. "Mwanangu ameniambia ni vidonda."

"Na wewe mwenyewe, mwenye mwili, unaonaje?"

Alikaa kitambo. Kidole gumba chake kilikuwa kinapapasa pindo la kanzu, kama anavyokagua mshono. "Mimi naona hivi vidonda vinanila."

"Ungependa nikueleze kilichoandikwa kwa faili, ama ungependa niongee na kijana wako?"

"Nieleze mimi. Koo ni langu."

Basi akamweleza. Kwa Kiswahili, polepole, akitulia kila baada ya jambo moja. Ni kansa. Imetoka kooni imeshuka kwa ini. Dawa ya kuiondoa hatuna. Dawa ya maumivu tunayo, na hatutakuacha. Halafu akanyamaza kabisa, akamwachia baba ile nafasi, hakukimbilia kuijaza na pole wala maombi. Mimi nilikuwa naangalia sakafu. Nilingoja baba aanguke, apige kelele, anitukane. Alisema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ndogo, kisha akauliza, "Idd nitafika?"

"Siku ni za Mungu na mimi sitakudanganya, sijui. Lakini kwa ninavyokuona, kama una jambo unataka kulifanya, lifanye sasa, usiliwekee Idd."

Baba akashusha pumzi ndefu. "Nina dipoziti za watu."

Sista hakuelewa, hata mimi sikuelewa mara moja. Akatueleza, watu 14, na kwamba Muislamu akitangulia na deni, roho yake inabaki imening'inia na lile deni. Hiyo ndiyo ilikuwa inamkosesha usingizi, pamoja na koo.

Miaka baadaye nikaja kusoma juu ya Cicely Saunders, yule Mwingereza aliyeanza kama nesi akaja kuwa daktari, akafungua hospisi ya St Christopher's London 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni kitu kizima, mwili, roho, familia, mpaka pesa, na ukitibu mwili peke yake umeacha mengine. Nikamwona baba na daftari lake. Nikasoma pia mwongozo wa hatua sita ambao Baile na Buckman na wenzao waliuandikia madaktari mwaka 2000, wa jinsi ya kutoa habari nzito, na karibu kila kitu alichofanya yule sista kimo, kaa chini, uliza mgonjwa anajua nini, uliza anataka kujua kiasi gani, ndio uongee. Na kuna ushauri mwingine unaorudiwa sana, ndugu wa mgonjwa asifanywe mkalimani wa habari kama hizo. Yule daktari kijana simchukii, nadhani naye hakuwahi kufundishwa. Lakini alinipa mzigo ambao haukuwa wangu kubeba, na mimi nikautua kwa baba ukiwa umevaa jina lingine.

Pale hospisi walitupatia mofini, dawa ya maumivu, ya maji kwenye chupa. Baba akauliza kama ni kileo, sista akamwambia ni dawa, inapimwa kwa mgonjwa na maumivu yake, kila baada ya saa nne, usiku wa kulala anakunywa kipimo maradufu kwa pamoja ili asiamke kunywa nyingine, na iende pamoja na dawa ya kulainisha tumbo kwa sababu inafunga choo. Usiku huo alilala. Mama alikaa macho kumsikiliza akilala.

Siku ya pili akaomba daftari. Akachagua majina manne ya watu ambao vitambaa vyao vilishakatwa, hao atawashonea. Waliobaki 10, akasema, warudishie pesa, na umwambie kila mmoja kwa nini. Zile zilizokuwa zimeenda kwa skani nilikopa kwa chama cha mama.

Nilizunguka Majengo jioni tatu. Kila mlango naulizwa lile lile, kwani mzee ana nini? Mlango wa kwanza nilisema anaumwa sana, nikageuka niende, nikakumbuka alivyoniagiza, nikarudi. "Ana kansa ya koo. Imefika kwa ini. Hatapona." Nikasema hivyo mara 10. Mzee mmoja alikataa pesa, akasema nimemsamehe, nikapeleka jibu nyumbani na baba akanirudisha usiku ule ule, "Sikumuomba msamaha, mpe haki yake."

Zile nne alizishona. Alikuwa anakaa nusu saa kwa cherehani baada ya kunywa dawa, mimi namtilia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yalikuwa yamechoka, na hapo ndipo tuliongea mambo ambayo hatukuwahi kuongea. Siku moja bila kuinua kichwa akasema, "Siku ile ulinihurumia, najua. Ila uliniacha peke yangu nayo." Nikamwambia nisamehe baba. Akasema shika hapa, vuta, nikavuta kitambaa, akapitisha mshono.

Alitutoka kumi la mwisho la Ramadhan. Msikitini kabla ya kumswalia, imamu akageuka akauliza kama kuna anayemdai marehemu ajitokeze. Nilisimama safu ya mbele. Nyuma yangu nilisikia tu watu wakisogeza miguu kunyoosha safu, na imamu akangoja, akauliza mara ya pili, halafu akainua mikono kwa takbira.