Petroli ya tangu Novemba

Jana nimevuta kamba ya pampu ya kumwagilia mpaka bega likagoma. Inakohoa mara mbili, kimya. Na plagi ni mpya! Fundi wa hapa Uyole, Mbeya, hakushika hata spana, alifungua tenki, akanusa, akacheka: "Kaka, hii petroli ya lini?"

Ya Novemba, mvua zilipoanza. Nililiacha tenki nusu, nikasahau mpaka Julai hii. Kumbe ile sehemu nyepesi inayorahisisha injini kuwaka huruka yenyewe, na inayobaki ikikutana na hewa hugeuka gundi. Kabureta, inayochanganya petroli na hewa, ilikuwa na utando wa kahawia; jeti, kile kitundu cha kupitisha petroli, imeziba kabisa. Kaisafisha, kaweka petroli mpya, mvuto wa pili ikanguruma.

Viazi vyangu vimekaa siku tatu bila maji.