Usiwaulize "Wewe ni nani?"

Mwaliko wa maonyesho ya sanaa ya wanafunzi ukisema tu "Chora utambulisho wako", jiandae kupokea mioyo, bendera, majina kwa herufi nene, na nyuso zilizogawanywa katikati, upande mmoja unacheka na mwingine unalia. Wanafunzi hawana kosa. Aliyeulizwa jambo pana hujibu kwa alama ambayo kila mtu anaijua. Kwa hiyo kazi kubwa ya maonyesho hufanyika kabla penseli haijagusa karatasi: kutunga swali.

Swali zuri lina kitu cha kushikika ndani yake. Kitu gani nyumbani kikipotea utajua siku hiyohiyo? Nyumbani wanakuitaje, na shuleni je? Mkiwa nyote mmevaa sare, mtu atakutambua kwa kitu gani? Mikono yako imefanana na ya nani? Weka maswali matatu au manne kwenye mwaliko, kila mwanafunzi achague moja. Yakizidi hapo, wengine watatumia wiki nzima kuchagua.

Swali jingine linalozaa matunda limetoka kwenye upigaji picha. Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, na wateja wake walipigwa picha wakiwa na redio, saa ya mkononi, kalamu, hata pikipiki. Baadhi ya vitu hivyo vilikuwa vya studio. Mtu alijionyesha alivyo na vilevile anavyotamani kuwa. Muulize mwanafunzi: ukienda kupigwa picha moja tu, utabeba nini? Wachache sana watachora moyo.

Jihadhari na mchoro wa ukoo. Kwa aliyefiwa na wazazi au anayelelewa na walezi, zoezi hilo linaweza kuwa mtihani mbele ya darasa. Wala usimpe mtoto mmoja kazi ya "kuwakilisha" watu wa kwao, achore lake.

Mwaliko wenyewe utoshe ukurasa mmoja: maswali, ukubwa wa kazi, vifaa vinavyoruhusiwa, mwalimu wa kuulizwa, na tarehe. Wiki sita zinatosha. Ya kwanza ni ya michoro midogo, angalau mitano kwa kila mmoja, kila mmoja usizidi kiganja. Wazo la kwanza mara nyingi ndilo la kila mtu. La nne au la tano ndilo lake. Wiki ya pili achague. Ya tatu na ya nne achore, na mwisho wa wiki ya tatu kazi ziletwe zikiwa nusu. Usiiruke siku hiyo, maana ndipo utakapowajua ambao hawajaanza, na bado utakuwa na muda wa kuwasaidia. Ya tano ni ya maelezo na kubandika kwenye manila, ya sita kutundika.

Ukubwa uwe A3 kwa wote, labda pawe na sababu ya msingi. Karatasi ya kawaida ya kuchapia, gramu 80, haifai kwa rangi ya maji: hunyonya, hujikunja na kuchubuka brashi ikipita mara ya pili. Tafuta ya gramu 200 au zaidi, na uibane kingo zote nne ubaoni kwa utepe wa karatasi hadi ikauke kabisa. Kwenye kolaji, yaani picha ya vipande vilivyobandikwa, adui ni gundi nyingi. Paka nyembamba, kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha funika kwa plastiki na ulaze vitabu vizito juu yake usiku kucha. Bila plastiki, kitabu cha chini kitakuwa sehemu ya kolaji.

Wengi watachora sura zao, na makosa yatafanana. Macho hukaa katikati ya kichwa, nusu ya njia kutoka utosini hadi kidevuni. Wanaoanza huyapandisha juu kwa sababu paji la uso na nywele huonekana kama nafasi tupu. Watumie kioo. Picha ya simu iliyopigwa kwa karibu hukuza pua na kusukuma masikio nyuma.

Rangi ya ngozi inastahili kipindi kizima. Kahawia ya kopo ikipakwa peke yake huua uso. Wachanganye nyekundu, njano na bluu kidogo mpaka wapate kahawia yao, wajaribu kwenye kipande cha karatasi na kukiweka kando ya mkono. Wasihukumu ikiwa mbichi: rangi ya maji hupauka ikikauka, akriliki hukolea. Kwenye kivuli waongeze bluu au zambarau. Nyeusi hugeuza ngozi kuwa ya majivu, na kosa hili huharibu sura nyingi kuliko macho yaliyopanda.

Maelezo ya kila kazi yawe maneno 30 hadi 50. Piga marufuku "mchoro huu unawakilisha". Uliza badala yake: umechagua kitu gani, na kwa nini hicho? Kisha muulize faraghani kama yuko tayari wote wayasome. Aliyechora jambo la ndani aruhusiwe kutundika bila jina, na ruhusa ya mzazi au mlezi ipatikane kabla ya kupiga picha za kazi na kuzisambaza. Kuhusu zawadi ya mshindi, mimi ningeiacha. Utampaje mtu nafasi ya pili kwa jinsi alivyo?

Kabla ya kuahidi kutundika kazi zote, pima ukuta. A3 iliyosimama, ikiwa na ukingo wa manila wa sm 3 juu na pembeni na sm 4 chini, hufikia takriban sm 36 kwa 49. Ukiacha sm 10 kati ya kazi na kazi, ukuta wa mita 8 hubeba 17 kwa mstari mmoja. Katikati ya kila kazi kuwe sm 140 kutoka sakafuni, yaani ukingo wa juu usimame sm 164.5. Kwa mistari miwili, sm 140 iwe katikati ya nafasi inayoitenganisha. Vuta uzi na utumie pimamaji. Sakafu na dari hudanganya. Selotepu ya pande mbili haishiki ukuta wa chokaa wala wenye vumbi, na kazi zitaanguka usiku wa kuamkia maonyesho. Kwenye ukuta kama huo funga kamba na utumie vibanio.

Nyuma ya kila kazi jina na darasa viandikwe kwa penseli, kwani wino wa kalamu nene hupenya hadi mbele. Na siku ya kuchukua kazi iandikwe kwenye mwaliko tangu mwanzo, la sivyo zitabaki stoo.