Kumbukumbu ya mradi: nimehamia kwenye nyaraka za QGIS

Tangu nianze kupima mashamba ya zabibu ya ndugu zangu kule Hombolo, QGIS naifungua karibu kila jioni. Ni programu ya bure ya kuchora na kupima ramani, chanzo chake kiko wazi, na mwongozo wake unaweza kuurekebisha ukiwa na akaunti tu ya GitHub, tovuti inayotunza msimbo na nyaraka zake. Ramani zimesimama kidogo, sasa hivi niko kwenye mwongozo.

Kilichonisukuma ni ekari. Shemeji aliuliza shamba lake lina ekari ngapi, na QGIS ina njia mbili za kumjibu, majina yake karibu sawa. Ya kwanza, `$area`, hufuata umbo la dunia na vipimo ulivyoweka kwenye mradi. Ya pili, `area()`, hupima kana kwamba ardhi ni karatasi bapa, kwa vipimo vya mfumo wa koodineti wa tabaka lenyewe, yaani ile safu ya data kwenye ramani. Tabaka likiwa kwenye digrii za GPS, yaani EPSG:4326, hiyo ya pili inakupa digrii za mraba. Namba ndogo ajabu, huwezi kumpelekea mkulima. Tofauti hiyo imeelezwa kwenye mwongozo, ila aliyetoka kuzunguka shamba kwa miguu na simu mkononi ataisoma mara tatu. Nikaamua kuongeza mfano.

Nyaraka hizi zimeandikwa kwa reStructuredText, maandishi ya kawaida yenye alama za mpangilio, na Sphinx ndiyo programu inayozigeuza kurasa za wavuti. Nikafungua faili lenye maelezo ya fomula, nikakuta onyo: limetengenezwa na skripti, usilihariri hapa. Maneno yenyewe yanakaa kwenye mafaili ya JSON, maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome, ndani ya msimbo wa QGIS yenyewe, folda ya `resources/function_help`. Ndiyo hayo hayo unayoyaona pembeni unapoandika fomula ndani ya QGIS. Ukibadilisha upande wa nyaraka, skripti ikipita tena kazi yako imekwenda. Kwa hiyo kabla ya kuandika sentensi yoyote sasa nauliza kwanza: haya maneno yanazaliwa wapi?

Kazi ikagawanyika. Mfano wa fomula nimeupeleka kwenye msimbo wa programu. Kwenye nyaraka nimebakiza aya fupi, kwenye faili linaloandikwa na watu, inayomwambia msomaji akague mfumo wa koodineti kabla ya kupima eneo.

Ukitaka kusahihisha neno moja huhitaji kupakua chochote: hariri kwenye kivinjari, GitHub itakutengenezea nakala yako na tawi, yaani mahali pa pembeni pa kuweka mabadiliko, kisha unatuma ombi la kuunganisha. Mimi nilitaka kuona ukurasa ukijengwa kwenye laptopu. Hazina ya nyaraka ina picha nyingi, kwa hiyo niliivuta kwa `git clone --depth 1`, historia yote ya nyuma sikuihitaji na bando nalinunua mwenyewe. Sphinx ni kali kwa vitu vidogo. Mstari chini ya kichwa cha habari ukiwa mfupi kuliko kichwa, inalalamika. Nafasi mwanzoni mwa mstari nazo zina maana, usizipange kwa kupendeza macho.

Ombi moja, jambo moja. Mhakiki anakaa nchi nyingine na anajitolea kama wewe. Aya moja ataimaliza akinywa chai, kurasa kumi ataziweka kiporo. Wa kwangu alijibu kwa upole: jina la menyu liwekwe ndani ya `:menuselection:`, alama ya Sphinx ya majina ya menyu, na sentensi ya mwisho ifupishwe. Nikabadilisha kwenye tawi lile lile, ombi likajisasisha lenyewe.

Kuna jambo nililoliacha nje kwa makusudi. Meridiani ya 36 inaukata mkoa wetu: Dodoma Mjini iko kanda ya 36 Kusini ya UTM (mfumo unaogawa dunia kwenye kanda zinazopimwa kwa mita), EPSG:32736, lakini Kongwa na Mpwapwa ziko kanda ya 37, EPSG:32737. Kwetu hilo ni kubwa, ila mwongozo unasomwa na dunia nzima. Nitaliandika kwenye karatasi ya Kiswahili ya hapa hapa, pamoja na ekari moja kuwa kama mita za mraba 4,047.

Aya ya nyaraka imeshaunganishwa. Mfano wa JSON bado uko foleni. Wakati nasubiri napitia picha za skrini kwenye mazoezi ya wanaoanza, maana kuna zinazoonyesha menyu za matoleo ya nyuma. Naanza na zile za kuingiza koodineti kutoka faili la maandishi.