Siku Moja Maishani Mwangu: Sanduku la Pikipiki Kati ya Mombo na Lushoto

Kazi yangu ni kubeba vifurushi kwa pikipiki kati ya Mombo na Lushoto, mkoani Tanga. Sibebi abiria. Mahali ambapo mwenzangu wa bodaboda humkalisha mtu, mimi nimefunga sanduku la alumini lenye mfuniko wa sentimita 50 kwa 40, vitasa viwili, na raba nene inayozunguka ukingo wote. Watu wanaponiuliza ugumu wa kazi hii huwa wameshajijibu wenyewe kwa kutaja kona, ukungu na malori ya mboga yanayoteremka kutoka milimani, na sikatai kwamba hayo yote yapo. Siku ninayoieleza hapa, hata hivyo, kona hazikunisumbua hata kidogo. Kilichonitesa ni hewa iliyofungiwa ndani ya sanduku langu mwenyewe.

Nianze na kosa langu. Wiki moja kabla, mvua za masika zikiwa zimekolea, wateja wawili walilalamika kwamba vifurushi vyao vimefika na unyevu. Nikampelekea fundi sanduku, akabadilisha raba iliyokuwa imepasuka, akapaka silikoni kwenye kila tundu la bolti na kila kiungo, kisha akalimwagia ndoo nzima ya maji mbele ya macho yangu. Hakuna tone lililoingia. Nilimlipa nikiwa nimeridhika, na sikujiuliza kwamba mahali pasipopita maji huenda hata hewa isipite.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niliamka, nikakagua oili, mnyororo na upepo wa tairi, nikanywa chai.

Saa kumi na mbili na robo nilikuwa nimepakia vikombe 24 vya mtindi, pakiti za krispi na dawa za duka moja la Lushoto. Mombo ipo takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari, na Lushoto takriban mita 1,400. Barabara inayoziunganisha ina urefu wa kilomita 33 hivi, kwa hiyo katika muda wa saa moja ninakuwa nimepanda kilomita nzima kwenda juu. Mwili huijua safari hiyo kwa masikio, kwani kila asubuhi, kabla ya kufika Soni yalipo maporomoko ya maji, masikio yangu huziba, nami humeza mate yakazibuka. Sanduku halina mate ya kumeza. Nilipokuwa nikipita Soni nilisikia nyuma yangu mlio mkali, ta!, nikadhani ni jiwe lililorushwa na tairi. Niliposimama kutazama, nilikuta mfuniko umetuna katikati mithili ya sufuria iliyofunikwa kifudifudi.

Saa moja na nusu nilikuwa mbele ya duka la mama mmoja ambaye amekuwa mteja wangu kwa muda mrefu. Nilimwamkia, akaitikia, akasogea kushuhudia mzigo wake ukifunguliwa, na hapo ndipo bahati mbaya yangu ilipoanza, kwa sababu nilipoachia kitasa cha pili mfuniko uliruka wenyewe kwa kishindo na kunikosakosa kidevu. Ndani, mtindi ulikuwa bado umetulia kama ulivyotoka Mombo. Kisha, sote wawili tukiangalia, zile karatasi za fedha zilizofunika vikombe zikaanza kuinuka moja baada ya nyingine, na pakiti za krispi zikajaa zikawa kama mito ya kulalia.

"Mwanangu," akasema, "huu mtindi umeharibika."

Nilimweleza kwamba hewa ya Mombo ni nzito kuliko ya Lushoto, kwa sababu ina hewa nyingi zaidi juu yake inayoikandamiza. Kwamba vikombe vilifungwa huko chini vikiwa na hewa hiyo nzito ndani yake, na sanduku nalo likaibeba ileile hadi mlangoni kwake. Na kwamba nilipofungua, hewa ya nje ikawa hafifu ghafla, ile ya kwenye vikombe ikapata nafasi ya kutanuka. Alinisikiliza kwa heshima kubwa. Kisha akabonyeza kikombe kwa kidole, akamwita jirani yake naye akabonyeza, wakafungua kimoja wakaonja kwa zamu, wakanyamaza, wakaonja tena. Alipokea vikombe 18 na kunirudishia sita vilivyotuna kuliko vingine, akisema hawezi kumwekea mteja kitu ambacho kitamlazimu kukitolea maelezo ya kisayansi. Sikuwa na la kumjibu.

Nilimaliza kugawa dawa na vifurushi vingine vidogo, pikipiki ikiwa juani na sanduku likipata joto. Saa nne kasoro simu iliita. Kijana mmoja aliyeshuka Mombo alfajiri ili apande basi linalotoka Arusha kwenda Dar es Salaam alikuwa amesahau vyeti vyake nyumbani Lushoto, na usaili wake ulikuwa kesho yake asubuhi. Nilikwenda kwa mke wake, nikapokea bahasha ya kaki, nikaiweka ndani ya mfuko wa nailoni, nikafunga sanduku kwa vitasa vyote viwili na ufunguo. Nilimalizia nusu ya maji ya chupa, nikaifunga chupa kwa nguvu, nikaichomeka nje, pembeni ya sanduku.

Kabla sijafika Soni yule kijana alikuwa amepiga simu mara mbili. Chini kidogo ya Soni mvua ilinikuta, ile ya masika isiyouliza, nami nikateremka kwa gia ya pili nikijifariji kwamba angalau safari hii hakuna cheti kitakacholoa. Akapiga tena, na tena.

Nilipoingia Mombo basi lilikuwa limeshafika na injini inanguruma. Kijana alinikimbilia akiwa amenyoosha mkono kabla hata sijaweka stendi. Nilizungusha ufunguo, nikaachia kitasa cha kwanza, nikaachia cha pili, nikainua mfuniko, na mfuniko haukuinuka. Nilivuta kwa mikono miwili. Pikipiki nzima ikanifuata.

"Umepoteza ufunguo?" akaniuliza.

"Ufunguo ndio huu, kaka, na vitasa vimefunguka. Mfuniko ndio hautoki."

"Unatokaje Lushoto na sanduku bovu?"

Sijui kama msomaji amewahi kushindwa kufungua kitu ambacho hakikufungwa, tena mbele ya watu. Vijana wa kijiweni walikuwa wameshatuzunguka. Mmoja alishika pikipiki ili mimi nivute, mwingine akashauri lipigwe teke, wa tatu akaleta bisibisi nene ambayo ingeuharibu ukingo na raba yangu mpya kwa pamoja, nikaikataa, na kukataa kwangu kukamfanya mwenye vyeti aamini kwamba kuna jambo ninalificha. Mama lishe alijitolea maji ya moto kumwagia mfuniko, ushauri ambao leo naona ulikuwa na akili kuliko nilivyoupa wakati ule. Mzee mmoja aliyekuwa amejikinga mvua kibarazani akasema, bila kucheka, kwamba nirudi nalo Soni, litafunguka lenyewe. Watu wakaangua kicheko. Alikuwa sahihi kabisa. Kondakta akapiga bati la basi kwa kiganja na kutangaza kwamba gari lake halina mpango wa kulala Mombo, na kijana akaanza kunihesabia mbele ya wote idadi ya miaka aliyosoma ili kuvipata vyeti hivyo.

Ni chupa iliyonizindua. Niliiona pembeni ya sanduku, ile niliyoifunga Lushoto, ikiwa imebonyea na kujikunja kana kwamba mtu ameiminya kwa ngumi. Nikaelewa kwamba sanduku nalo lilikuwa linaminywa vivyo hivyo, isipokuwa alumini haikunji uso upesi. Nililifunga likiwa na hewa hafifu ya Lushoto, tena iliyopashwa moto na jua. Nikaja nalo hadi penye hewa nzito, na mvua ikaipoza hewa ya ndani ikazidi kusinyaa. Jioni niliketi nikapiga hesabu. Tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya Mombo na Lushoto inakaribia sehemu moja ya kumi ya kilo kwa kila sentimita ya mraba, na mfuniko wangu una sentimita za mraba 2,000. Kama raba ingeziba kikamilifu, ningekuwa ninajaribu kuinua kilo 200, yaani mifuko minne ya saruji. Kwa kuwa hakuna raba isiyovujisha kidogo, yawezekana nilikuwa ninapambana na mfuko mmoja au miwili tu, lakini hata huo mmoja haunyanyuliwi kwa ncha za vidole.

Nilimwomba muuza machungwa kisu chake chembamba cha kumenyea, nikakipitisha taratibu kati ya raba na ukingo, kwenye kona ya nyuma. Sanduku likavuta pumzi ndefu, fyuuu, na kabla sijakitoa kisu niliona maji ya mvua yaliyotuama juu ya ukingo yakifyonzwa ndani kama chai kwenye mrija. Mfuniko ukainuka kwa kidole kimoja. Bahasha ilikuwa imelowa juu ya nailoni, ndani ilikuwa kavu. Kijana aliinyakua, akanipa nusu ya nauli tuliyopatana, akasema iliyobaki nikatengenezee sanduku bovu, akadandia basi likiwa linatembea. Lingekuwa bovu, lingefunguka. Nilitamani kumwambia hivyo, lakini basi lilikuwa limeshaondoka.

Mchana nilipeleka mizigo mingine, sikumbuki vizuri ni mingapi. Nakumbuka kwamba mgongo uliniuma, na kwamba kila niliposimama nilifungua vitasa na kuinua mfuniko kidogo hata pasipo na mzigo wa kushusha, watu wakinitazama kama mtu anayeangalia iwapo kuku wake bado yu hai.

Giza lilikuwa limeanza kuingia nilipofika kwa fundi. Nilimwomba atoboe tundu chini ya sanduku.

"Wiki iliyopita umenilipa nizibe," akasema, "leo unanilipa nitoboe?"

Nilimweleza habari yote, akacheka kwanza, kisha akashika kidevu akafikiri. Masanduku ya kubebea kamera na vifaa vya maabara, yale ya plastiki ngumu, huwa na kivalvu kidogo cha kupitisha hewa, na mimi nilitaka kitu cha namna hiyo kwa bei ya Mombo. Tulitoboa sakafu kwenye kona ya mbele, mbali na maji yanayorushwa na tairi la nyuma, tukapachika kile kimpira cha kujazia upepo kwenye tairi kikiwa kimeelekea chini, na tukang'oa kidude cha ndani kinachozuia upepo usitoke. Hewa inapanda na kushuka inavyotaka, na maji hayana njia ya kupanda. Nilipuliza kwa mdomo kutokea chini huku fundi akiwa ameweka kiganja ndani, akatikisa kichwa kukubali, kisha akanitoza zaidi ya alivyonitoza kuziba.

Saa tatu usiku, nikiwa nimekwishanyoosha miguu, yule mama wa Lushoto alipiga simu. Mtindi wote 18 ulikuwa umekwisha. Ameagiza mwingine 24 wa kesho, na amesisitiza nimchagulie vikombe ambavyo havijavimba.